Kabla hujafungua mdomo: namna ya kukagua leseni na uanachama wa daktari wa meno

Maswali ni yale yale. "Kliniki ya mtaani kwetu wameandika kwenye bango kwamba daktari wao ni mwanachama wa chama cha madaktari wa meno, niende?" "Nitajuaje kama huyu ni daktari kweli na siyo fundi tu?" "Ameniharibia jino, nimpeleke wapi?" Nimeamua kuyajibu kwa pamoja na kwa mpangilio, ili mtu akiuliza tena nimtumie hiki. Mfano mkuu ni Tanzania Bara. Wa Zanzibar, Kenya, Uganda na Rwanda, na ninyi mlioko Uingereza au Marekani, mna sehemu yenu hapo chini, lakini hatua ni hizi hizi.

Kuna jambo moja lazima likae sawa kabla ya yote, kwa sababu wengi wanalichanganya. Leseni na uanachama ni vitu viwili tofauti. Leseni hutolewa na baraza lililoundwa kwa sheria, na bila leseni hiyo mtu haruhusiwi kugusa meno yako. Kwa Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, MCT, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Uanachama ni wa hiari. Chama cha Madaktari wa Afya ya Kinywa na Meno Tanzania, TDA, ni mkusanyiko wa wanataaluma wenyewe: wanalipa ada, wanakutana kwenye makongamano ya kisayansi, wanasukumana wasibaki nyuma. Chama hakiwezi kumfutia mtu leseni. Baraza linaweza.

Kwa hiyo mpangilio ni leseni kwanza, uanachama baadaye, na kiti cha daktari mwisho. Ukianza na uanachama umeanza kati.

Kama ni dharura, acha kusoma

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye nafasi ya kuchagua. Kama uvimbe umeshuka shingoni au umepanda kwenye jicho, kama huwezi kumeza mate, kupumua kunakuwa kwa shida, au taya halifunguki na una homa, nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa sasa hivi, hata kama ni usiku. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa.

Vivyo hivyo kwa jino la ukubwani lililong'oka zima kwa kuanguka au kupigwa. Lishike upande wa taji, usiguse mzizi. Likichafuka lisuuze haraka bila kulisugua, kisha lirudishe kwenye tundu lake au litumbukize kwenye maziwa, na ufike kwa daktari wa meno yeyote aliye karibu, ikiwezekana ndani ya saa moja. Jino la utoto halirudishwi.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye intaneti na vocha ya kupiga simu mbili tatu.
- Majina kamili ya daktari, angalau mawili. "Dokta Juma" haitoshi kutafutia popote.
- Jina la kliniki kama lilivyoandikwa kwenye cheti chake, maana bango la barabarani mara nyingi lina jina la biashara tu.
- Kadi ya bima kama unayo.
- Orodha ya dawa unazotumia na maradhi uliyonayo: sukari, presha, moyo, pumu, dawa za kuzuia damu kuganda, ujauzito, mzio wa penisilini au dawa nyingine.
- Picha za eksirei za zamani, kama zipo.
- Daftari au karatasi. Maumivu ya jino yanasahaulisha mambo.

Hatua ya 1: Jua tatizo lako linahitaji mtu wa ngazi gani

Hapa watu wanapoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Kwenye kliniki za meno za Tanzania utakutana na watu wa ngazi tofauti, na wote huitwa "dokta" na wagonjwa.

Daktari wa meno amesoma shahada ya udaktari wa meno, miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Wengi wao wamepita Muhimbili. Yupo pia daktari msaidizi wa meno, na yupo tabibu wa meno mwenye stashahada. Hawa wawili ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa vituo vya wilayani, na kwa kung'oa jino la kawaida au kuziba tundu dogo wengi wao wana mkono mzuri sana. Usimdharau tabibu kwa sababu ya cheo. Jihadhari naye pale tu anapokubali kazi iliyo juu ya ngazi yake badala ya kukupa rufaa. Fundi sanifu wa meno ni mtu wa maabara: anatengeneza meno bandia kwa maelekezo ya daktari. Fundi sanifu akikupokea mwenyewe, akupime na kukuchonga meno, amevuka mpaka wake.

Juu yao wapo mabingwa: wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, wa kupanga meno kwa nyaya, wa meno ya watoto, wa meno bandia na urejeshaji. Bingwa ana shahada ya uzamili juu ya ile ya kwanza. Semina ya siku tatu haimfanyi mtu bingwa, hata cheti chake kikiwa na fremu ya dhahabu.

Kwa hiyo kuziba, kusafisha na kung'oa kwa kawaida, daktari yeyote mwenye leseni anatosha. Jino la mwisho lililolala ndani ya fupa, uvimbe wa taya, au nyaya za kupanga meno, tafuta bingwa au omba rufaa.

Kwa ndugu zangu wa Arusha, Kilimanjaro na sehemu nyingine zenye maji yenye floraidi nyingi: ile rangi ya kahawia imo ndani ya ganda la jino tangu jino likikua. Kusafisha meno hakuiondoi. Mtu akikuahidi ataitoa yote kwa kusugua mara moja, umeshapata jibu kuhusu huyo mtu, huna haja ya kwenda hatua ya pili.

Na kwa wazazi wa watoto wachanga: hakuna ugonjwa unaoitwa "meno ya plastiki". Mtoto mwenye homa na kuharisha apelekwe kituo cha afya kwa homa na kuharisha. Wanaochokonoa fizi za mtoto wanamtolea vijimeno vinavyokua, na wameshasababisha watoto kupoteza damu, kuoza vidonda na kufa. Anayejiita daktari wa meno akikubali kazi hiyo, ondoka na mtoto wako.

Hatua ya 2: Pata majina matatu

Ukiwa na jina moja utalitafutia sababu za kulikubali. Ukiwa na matatu unalinganisha.

Majina yanapatikana hospitali ya wilaya au ya mkoa, kitengo cha kinywa na meno. Kwenye orodha ya vituo vya bima yako. Kwa jirani aliyetibiwa zaidi ya mwaka uliopita na jino bado lipo (aliyetibiwa wiki iliyopita bado hajui kitu). Na kwenye chama. Chama kinafaa hasa kama unatafuta bingwa, au uko mkoani na hujui pa kuanzia. Wasiliana na uongozi wao, taja mkoa na aina ya tatizo, uliza ni nani anayefanya kazi hiyo karibu nawe. Pia Machi 20 ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, na kuelekea siku hiyo hufanyika uchunguzi wa bure sehemu mbalimbali. Ni nafasi nzuri ya kukutana na madaktari ana kwa ana bila kulipia kumwona mtu.

Angalizo: idadi ya wafuasi mtandaoni siyo kigezo. Picha za "kabla na baada" zinaweza kuwa za mdomo wa mtu mwingine, nchi nyingine, daktari mwingine.

Hatua ya 3: Hakiki leseni

Hii ndiyo hatua yenye uzito, na watu huiruka kwa sababu wanaona aibu. Usione aibu. Unahakiki leseni ya dereva wa basi kwa macho yako? Hapana, trafiki anakufanyia. Kwa daktari hakuna trafiki njiani, ni wewe.

a) Fungua tovuti ya Baraza, mct.go.tz, utafute sehemu ya kuhakiki wanataaluma. Ingiza jina. Kama halitokei, jaribu jina la ukoo peke yake, kisha badilisha mpangilio wa majina. Wanawake walioolewa mara nyingi wamesajiliwa kwa jina la kabla ya ndoa, na "Mohamed" inaweza kuandikwa kwa namna nne.

b) Ukipata jina, usifurahi bado. Angalia taaluma: je, ni daktari wa meno, au ni daktari wa tiba ya kawaida anayefanya meno pembeni? Angalia aina ya usajili: kamili, wa muda, au wa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ambaye anatakiwa kufanya kazi chini ya usimamizi. Angalia kama leseni iko hai. Kusajiliwa hufanyika mara moja, leseni inahuishwa. Daktari anaweza kuwa kwenye rejista tangu zamani na leseni yake ikawa imelala.

c) Ukifika kliniki, angalia ukutani. Leseni huwa imetundikwa. Linganisha namba na uliyoiona mtandaoni.

d) Linganisha na mtu. Ujanja wa kawaida kabisa ni huu: ukutani kuna leseni halali ya mwenye kliniki, ambaye yuko mkoa mwingine au hospitali ya serikali mchana kutwa, na anayekutibu ni mtu mwingine kabisa. Leseni ni ya kweli, wewe umetibiwa na asiye nayo. Dawa yake ni swali moja tu kwa mapokezi: "Samahani dada, leo nitahudumiwa na daktari nani?" Kisha ukiingia ndani: "Shikamoo daktari, naomba jina lako kamili niliandike kwenye kumbukumbu zangu." Daktari halisi atakutajia bila kukunja uso. Wengine watafurahi.

e) Kliniki nayo ina usajili wake, tofauti na wa daktari. Vituo binafsi husajiliwa kupitia Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Na mashine ya eksirei inatakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Cheti hicho huwa kimebandikwa karibu na chumba cha picha, na ni wagonjwa wachache sana wanaokiangalia.

Angalizo: mgeni wa kambi ya matibabu anayetoka nje ya nchi naye anahitaji usajili wa muda. Wema wake haumwondolei hitaji hilo.

Hatua ya 4: Sasa uliza uanachama

Leseni imekaa sawa. Uanachama unaongeza nini?

Unaongeza dalili. Mwanachama aliye hai kwenye chama anajulikana na wenzake. Anahudhuria makongamano, anasikia mambo mapya, ana mtu wa kumpigia simu akikwama na kesi ngumu. Hili la mwisho ndilo mimi nalithamini kuliko mengine yote, kwa sababu daktari anayefanya kazi peke yake bila mwenzake wa kumuuliza ndiye anayeng'ang'ania jino ambalo alipaswa kulitolea rufaa. TDA nayo ni mwanachama wa shirikisho la dunia la madaktari wa meno, FDI, lililoanzishwa Paris mwaka 1900, kwa hiyo miongozo ya kimataifa inapita kwao kuja kwa wanachama.

Uanachama haukuhakikishii kwamba mkono wake ni mwepesi, bei yake ni ya haki, au kwamba atakusikiliza. Na daktari asiye mwanachama si lazima awe mbaya. Wapo mabingwa waliochoka vikao.

Namna ya kuuliza:

- Muulize mwenyewe: "Daktari, wewe ni mwanachama wa TDA? Ada ya mwaka huu iko hai?" Swali la pili ndilo lenye maana. Uanachama wa miaka kumi iliyopita ni historia.
- Hakiki kwa chama chenyewe. Taja majina kamili na uombe kuthibitishiwa kama ni mwanachama hai.
- Angalia cheti kinasema nini hasa. Cheti cha kuhudhuria kongamano siyo cheti cha uanachama. Nembo ya chama kwenye bango siyo chochote mpaka ithibitishwe. Nembo yoyote inapakuliwa kwa sekunde moja.
- Kama ni bingwa, uliza pia kama yumo kwenye chama cha ubingwa wake.

Angalizo: jihadhari na vyama vyenye majina makubwa ya kimataifa ambavyo kujiunga ni kujaza fomu na kulipa. Ukiona "mjumbe wa akademia ya kimataifa" na hakuna leseni ya nchi unayotibiwa, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5: Kagua chumba kabla ya kuketi

Dakika mbili zinatosha. Vifaa vya chuma vinatakiwa kutoka kwenye pakiti iliyofungwa, karatasi upande mmoja na plastiki upande mwingine, na ifunguliwe mbele yako. Pakiti hizo zina alama inayobadilika rangi ikishapita kwenye otoklevu, mashine inayotumia mvuke wenye shinikizo kwa nyuzi 121 au 134 za Selsiasi. Vifaa vilivyolala kwenye beseni la dawa, au vilivyochemshwa kwenye sufuria, havijatakaswa kwa kiwango kinachotakiwa. Maji yanayochemka yanaishia nyuzi 100, na kuna vimelea vinavyovumilia hapo. Homa ya ini aina ya B na VVU ndivyo vinavyotufanya tuwe wakali kwenye jambo hili.

Sindano ya ganzi iwe mpya. Kichupa cha ganzi ni cha mgonjwa mmoja; kilichobaki kinatupwa, hakisubiri mgonjwa wa jioni. Glovu zivaliwe mpya baada ya kunawa, na daktari akishika simu nazo, azibadilishe. Kichwa cha drili nacho hutakaswa kati ya mgonjwa na mgonjwa, siyo kufutwa kwa pamba yenye spiriti.

Ukitaka kuuliza, uliza kwa adabu: "Daktari, naomba uifungue pakiti hapa nione." Huna haja ya kueleza sababu.

Hatua ya 6: Kikao cha kwanza kiwe cha maneno

Kama huna maumivu makali, usikubali kutibiwa kikao cha kwanza zaidi ya kupimwa na kusafishwa. Msikilize anavyokuuliza. Daktari asiyekuuliza kuhusu sukari, presha, dawa unazotumia au ujauzito kabla ya kuchoma ganzi, anakuharakisha. Mpe ile orodha yako hata asipoiomba.

Kisha muulize mambo manne: tatizo ni nini, njia zipo ngapi, nikiacha itakuwaje, na kazi hii unaifanya mwenyewe au unanipa rufaa? Swali la nne linawachuja wengi. Daktari mzuri ana orodha ya mambo asiyoyafanya.

Tiba ya mzizi, ile ambayo wengi wanaiita ruti kanali, haifanyiki bila picha ya eksirei. Ukiambiwa haihitajiki, shukuru, lipia ushauri, nenda kwa jina la pili kwenye orodha yako.

Hatua ya 7: Bei kwenye karatasi

Omba mchanganuo wa maandishi: kumwona daktari, picha, kila jino, dawa, na marudio. Uliza kama bima inalipia yote au sehemu, na upige simu kwa bima yako mwenyewe kuthibitisha. Mapokezi wanaweza kukosea kwa nia njema kabisa. Lipa kwa awamu kadiri kazi inavyokwenda, hasa kwa nyaya na meno bandia. Dai risiti ya EFD, ile inayotolewa na mashine ya kodi. Risiti ndiyo ushahidi wako wa kwanza kwamba ulitibiwa hapo.

Ofa ya "leo tu" kwa kuziba meno sita ambayo asubuhi hukujua yameoza ni sababu ya kutafuta maoni ya pili.

Hatua ya 8: Ondoka na kumbukumbu zako

Nakala ya picha, jina la daktari, jino lililotibiwa, dawa alizokupa, tarehe ya kurudi. Piga picha kwa simu ukiruhusiwa. Ukihamia mkoa mwingine au ukitaka maoni ya pili, hizi ndizo zitakuokolea fedha ya kupigwa picha upya.

Walioko nje ya Tanzania Bara

Zanzibar ina Baraza la Madaktari lake. Daktari anayefanya kazi Unguja au Pemba mtafute huko, siyo MCT.

Kenya, leseni ni kazi ya KMPDC, baraza la madaktari wa tiba na wa meno, ambalo lilikuwa bodi na likawa baraza mwaka 2019. Kwenye kmpdc.go.ke unaweza kutafuta daktari na kituo pia, na leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo angalia mwaka. Chama chao cha madaktari wa meno ni KDA. Maafisa wa afya ya kinywa ya jamii nao wako chini ya baraza hilo hilo. Uganda baraza la leseni ni UMDPC na Rwanda ni RMDC. Katika nchi zote mbili baraza moja linashughulikia madaktari wa tiba na wa meno.

Uingereza, rejista ni ya GDC, baraza la udaktari wa meno, iko wazi mtandaoni, na inajumuisha hadi wauguzi wa meno na mafundi wa maabara. BDA, chama cha madaktari wa meno kilichoanzishwa mwaka 1880, ni cha hiari na pia ni chama cha kutetea maslahi ya madaktari wenyewe. Kwa hiyo mgonjwa mwenye malalamiko kuhusu usalama hapeleki BDA, anapeleka GDC.

Marekani, leseni hutolewa na bodi ya kila jimbo. Aliyesajiliwa Texas si kwamba anaruhusiwa Ohio. ADA, chama cha madaktari wa meno cha tangu mwaka 1859, kina ukurasa mzuri wa kutafuta daktari, lakini unaonyesha wanachama wake tu. Jina likikosekana pale, mtu huyo anaweza kuwa na leseni safi. Angalia bodi ya jimbo.

Ukikwama

*Jina halionekani kwenye rejista.* Usimwite tapeli bado. Jaribu tahajia nyingine, omba namba ya usajili, kisha piga simu au andika barua pepe kwa Baraza. Wakisema hayupo, hayupo. Usiendelee na matibabu.

*Daktari amekasirika nilipouliza leseni.* Muulize mapokezi badala yake. Wakikataa na wao, nenda kwa jina la pili.

*Wilayani kwetu kuna mtu mmoja tu wa meno.* Basi hatua ya 2 huna, lakini ya 3 na ya 5 unazo. Kwa kazi ndogo mwache akuhudumie. Kwa kazi kubwa omba barua ya rufaa ya kwenda mkoani, na uiombe mapema kabla jino halijakulaza.

*Nimetumia amoksilini ya duka la dawa, maumivu yamepoa.* Chanzo bado kipo ndani ya jino. Nenda umwone daktari, na umweleze ulikunywa nini na kwa siku ngapi.

*Madaktari wawili wamenipa majibu mawili.* Inatokea, na si lazima mmoja awe mwongo. Waombe kila mmoja akuonyeshe kwenye picha anachokiona. Kama bado huelewi, peleka picha hiyo hiyo kwa wa tatu, hospitali ya rufaa, bila kumwambia wenzake walisema nini. Wakati huo usikubali kung'oa. Jino lililong'olewa halina maoni ya pili.

*Kazi imeharibika.* Rudi kwanza kwa aliyekutibu, mweleze kwa utulivu na mpe nafasi ya kurekebisha. Kuziba kunaweza kudondoka bila uzembe wa mtu. Asipojali, andika kwa uongozi wa kituo. Ukiona ni uzembe, au mtu hana leseni, andika kwa Baraza. Chama unaweza kukipa nakala kama ni mwanachama wao, lakini mwenye rungu ni Baraza: ndilo linaloweza kuonya, kusimamisha au kufuta jina.

*Barua ya malalamiko iandikweje?* Ukurasa mmoja unatosha: jina la daktari na kituo, tarehe, jino gani, ulichoambiwa, kilichofanyika, kilichotokea baadaye, na unachoomba. Ambatanisha nakala za risiti, picha na cheti cha daktari aliyekuona baadaye, usitoe karatasi halisi. Peleka nakala mbili, moja ipokelewe, ya pili igongwe muhuri wa mapokezi na tarehe urudi nayo nyumbani.